Hakuna dawa inayoitwa rangi mbili: nilivyogoma kusaini kosa la bosi wangu, duka la dawa Mbagala

Wakuu, salamu kwa wote, mlioshiba na mnaosubiri wali uive.

Ninachokileta hapa kilinitokea mie mwenyewe. Siyo rafiki yangu, siyo jirani, siyo binamu wa mtu.

Sasa, wanaonifahamu humu ndani wanajua natiaga chumvi. Tukubaliane hivi: nikisema foleni ilifika Kongowe, gawa kwa kumi. Lakini nikifika kwenye koti, daftari na kamati, usigawe kitu. Hapo ni kama nilivyoapa, na kwenye ile kamati niliapa kweli.

Mie ni mtoa dawa. Siyo daktari, siyo nesi, siyo mfamasia. Ni yule dada unayemkuta nyuma ya kioo kwenye duka la dawa muhimu, unamwambia kichwa kinauma, anakuuliza tangu lini, unakasirika.

Shule nimesoma ukubwani. Masomo ya jioni, kwenye shule moja ya msingi huko Temeke, tukikalia madawati ya darasa la pili. Magoti yalikuwa yanagusa kidevu. Ukitaka kuandika unaomba ruhusa kwa goti.

Dawati moja nilikaa na fundi cherehani anaitwa Shomari. Huyu alikuwa analala kwenye Hesabu anaamka kwenye Kiswahili. Mumweke akilini.

Nikapata D zangu nne za jasho, nikaenda kozi ya watoa dawa, nikatoka na cheti. Kile cheti nilikipiga laminesheni mara mbili. Mafuriko yangekuja Mbagala, kingeelea mpaka Mafia na kufika kikavu.

Siku hiyo darasa zima la jioni walinichangia zawadi. Koti jeupe. Shomari ndiye aliyelishona, na mfukoni akadarizi kwa uzi wa bluu, herufi kubwa, zinasomeka toka ng'ambo ya barabara:

DK. TATU

Tatu ndilo jina langu. Nimelificha miaka yote humu lakini leo litoke tu, maana lilishatoka kwenye faili la serikali.

Nikamwambia, "Shomari, mie siyo daktari."

"Mtaani watakuitaje?"

"Wataniita dokta."

"Basi mie nimeandika wanavyosema. Halafu umesahau somo la vifupisho? Dk. ni daktari, na dk. ni dakika. Mtu akikuuliza mwambie Dakika Tatu. Unahudumia haraka."

Tulicheka mpaka mwalimu akaja kuchungulia.

Na hapa naanza kukiri, kwa sababu sitaki uzi wa kujisafisha. Ule uzi wa bluu ungefumuliwa kwa wembe kwa hizo hizo dakika tatu. Sikuufumua. Niliupenda. Nilikuwa napita mbele ya kioo cha saluni ya jirani bila sababu yoyote, nijisome kinyumenyume.

Ambao hamjakaa Mbagala niwaeleze. Kule koti jeupe ndiyo dokta. Haijalishi nani yupo ndani. Muuza mayai ya kuchemsha akivaa koti jeupe, nusu saa haiishi ameshaonyeshwa kipele.

Sasa bosi.

Bosi wangu alikuwa mtu wa vifaa vya ujenzi. Mabati, rangi, misumari. Akaona fremu ya pembeni ipo wazi, akasikia maduka ya dawa yanalipa, akafungua. Kwake misumari na vidonge ni biashara moja, vyote vinauzwa kwa kuhesabu.

Siyo mtu mkali. Anakusalimia vizuri, anakuuliza mama hajambo. Tatizo lake lilikuwa moja, aliamini sheria ya dawa ni kama bango la "usikojoe hapa". Lipo, wote tunaliona.

Kwa makubaliano yetu, Jumapili ni siku yangu ya kupumzika. Na kwa sheria, mtoa dawa asipokuwepo, duka linafungwa. Hakuna cha "namshikia kidogo". Huwezi kumshikia mtu cheti.

Bosi Jumapili alikuwa anamweka shemeji yake, mdogo wa mkewe. Dada mtu mzima, mpole, aliyekuwa anauza vitenge. Nitamwita Shemeji maana mtaa mzima tulimwita hivyo. Na kwa kuwa koti dukani lilikuwa moja tu, la kwangu, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, Shemeji Jumapili alikuwa analivaa hilo hilo.

Nilimwambia Bosi. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kuchukia.

Akanijibu, "Wagonjwa wa Mbagala hawaendi likizo, Tatu."

Nikanyamaza. Miezi. Hilo nalo mniandikie deni langu, tutalifikia.

Ng'ambo ya duka kuna Mama Zuhura, anakaanga vitumbua. Ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Kama mwaka mmoja nyuma alikuja kavimba mikono, amejikuna mpaka basi, ametoka kituo cha afya. Kule walimwambia kuna dawa mwili wake unaikataa, wakamwandikia kwenye kikaratasi. Akaniletea nimsomee.

Nikakisoma. Nikavuta koti. Nikamwambia kwa sauti ya kidokta kabisa:

"Mama Zuhura, una aleji na amoksilini. Kuanzia leo hadi mwisho wa maisha yako, usiguse amoksilini."

Akarudia nyuma yangu kama mtoto wa chekechea. Amoksilini. Amoksilini. Nikamsahihisha matamshi. Nilijisikia profesa, wakuu. Siku ile ningepewa chuo ningekiendesha.

Sasa twende kwenye ile Jumapili yenyewe.

Mie nipo nyumbani Charambe, nafua. Mashahidi wangu ni ndoo tatu na kamba.

Mama Zuhura koo linamuuma, hawezi hata kumeza mate. Akamtuma mumewe dukani. Baba Zuhura ni dereva wa malori ya safari ndefu, yupo nyumbani siku mbili, yupo barabarani mwezi. Duka letu alikuwa hajawahi kuingia. Akaingia, akakuta dada mwenye koti jeupe, akasoma mfukoni, akasema alichotumwa:

"Dokta, naomba rangi mbili."

Mtanzania gani hajawahi kuomba rangi mbili? Zile kapsuli, nusu rangi hii, nusu rangi ile. Zinaombwa kwa koo, kwa jino, kwa kidonda, kwa mapenzi yaliyovunjika.

Shemeji hakuuliza anayeumwa ni nani. Hakuuliza cheti cha daktari. Hakuuliza kama mgonjwa ana aleji. Vitenge haviulizwi hivyo. Akahesabu kumi, akafunga kwenye karatasi.

Mama Zuhura akameza mbili. Haikupita muda midomo ikavimba, uso ukavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Majirani wakambeba, wakawahi hospitali. Aliwahiwa. Nasema tena, aliwahiwa, maana najua mna roho nyepesi. Yupo hai, na vitumbua bado vina iliki.

Hospitali wakamuuliza Baba Zuhura, dawa mmetoa wapi, nani kawapa. Akajibu kwa uaminifu wote, na ikaandikwa: niliuziwa na dada mwenye koti jeupe, jina lake Dk. Tatu.

Kesho yake jioni yeye akawasha lori, akaenda zake Kongo. Simu haipatikani. Karatasi yake ikabaki.

Mie hayo yote sijui. Jumatatu asubuhi Bosi ananipigia: "Tatu, pumzika na leo, tunapaka rangi duka." Nikashangilia kama mjinga. Nililala mpaka kuku wa jirani wakanionea wivu.

Jumanne naenda kazini, nakuta wakaguzi. Duka limetiwa lakiri. Daftari la dawa limechukuliwa. Koti langu lipo kwenye mfuko wa nailoni, mkononi kwa afande wa kike, kama mtuhumiwa.

Mkaguzi mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye Daktari Tatu?"

Wakuu, jina langu halijawahi kunitisha vile, maana hapo ndipo waliponisomea ile karatasi ya Baba Zuhura.

Jumatano mchana Bosi akaja Charambe. Kwa mara ya kwanza toka aniajiri. Kaleta mkate na majani ya chai, kamsalimia mwenye nyumba wangu, "Shikamoo mama", kakaa kwenye kigoda. Akatoa karatasi, imechapwa vizuri, imeachwa nafasi ya sahihi.

Ilisema kuwa mie, Tatu, Jumapili ile nilikuwa zamu. Kwamba nilimhudumia mteja. Kwamba nilisahau kuuliza. Naomba radhi.

"Bosi, Jumapili nilikuwa nafua."

"Najua."

"Sasa?"

"Nisikilize kama mtoto wangu. Wewe ukisema ulikuwepo, ni makosa ya kibinadamu. Nani hakosei? Watakupa onyo. Ukisema hukuwepo, maana yake duka liliuza dawa bila mtaalamu. Hapo siyo onyo. Hapo kibali kinaondoka. Fremu inafungwa. Mie nala hasara, Shemeji anaonekana muuaji, na wewe pia huna kazi. Sasa nani anafaidika na ukweli wako?"

Nikiri kwenu, lile swali lilikaa. Alilipanga vizuri, kama mabati.

"Na mwenye cheti aliyempa mgonjwa dawa inayomkataa," nikamuuliza, "kesho akiomba kazi duka lingine, wanamwambiaje?"

"Utakuwa kwangu. Huhitaji duka lingine."

"Na Mama Zuhura? Akijua mie ndiye niliyempa?"

"Mama Zuhura anakupenda. Atakusamehe."

Hapo ndipo aliponikosa. Yaani nikasamehewe kitu nisichofanya, na mtu niliyemkataza kwa mdomo wangu. Nikamrudishia karatasi.

Bosi akasimama, akajipangusa. Sauti ikabadilika kidogo.

"Tatu, wewe una D nne za jioni. Mie nina leseni ya biashara ya miaka yote. Ukifika pale mbele, wataamini nani?"

Nikamwambia, "Zile D nilizisoma kwa mshumaa, Bosi. Nenda nazo taratibu."

Mkate hakuuacha.

Wiki iliyofuata tukaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Ofisi sitaitaja. Meza ndefu, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, wajumbe wanne, na Mwenyekiti ni mama mmoja mfamasia, sauti ya chini, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Macho yake yalikuwa yanasoma mpaka nyuma ya karatasi.

Tulikaa benchi moja: Bosi, Shemeji, mie. Kati yangu na Shemeji kulikuwa na nafasi ya kupaki bajaji.

Mwenyekiti akasoma makosa. Hapa nataka wenye maduka mnaopita humu kimyakimya msome polepole, maana mie mwenyewe baadhi nilikuwa siyajui.

Kuuza dawa bila mtaalamu kuwepo, ni kosa la mwenye duka, siyo la aliyeachiwa funguo. Kutundika cheti cha mtu ukutani huku mwenyewe hayupo, kosa. Na anayekubali cheti chake kitundikwe, naye ana la kujibu. Kutoa dawa ya cheti bila cheti cha daktari, kosa. Kuandika uongo kwenye daftari la dawa, kosa, na hilo alilisoma akiwa ametoa miwani. Kumzuia mkaguzi, kosa. Kujifanya daktari wakati siyo daktari, kosa.

Hilo la mwisho akaniangalia mie.

Akaanza na Bosi.

Bosi akasimama, kofia mkononi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mie ni mwenye duka tu. Dawa sizijui. Ndiyo maana niliajiri mtaalamu. Mtaalamu amekosea, nasikitika sana. Daftari mnalo hapo. Jumapili ile ipo, jina lake lipo, sahihi yake ipo."

Mie nikashtuka. Jumapili haijawahi kuandikwa kwenye lile daftari. Shemeji alikuwa anauza tu, haandiki. Kumbe ile Jumatatu ya "tunapaka rangi", kilichopakwa rangi ni daftari.

Mwenyekiti akaniita mezani, akalifungua mbele yangu. "Huu mwandiko ni wako?"

Wakuu, ule mwandiko ulifanana na wangu kuliko wangu mwenyewe. T yenye kofia, ipo. Nane yangu ya mayai mawili, ipo. Sahihi yangu, na ule mkia nilioiga kwa mwalimu wa jioni, upo. Mtu alikaa akainakili kama mtihani.

Nikajiona narudi nyumbani bila cheti, na laminesheni zake mbili.

Halafu macho yakafika kwenye safu ya jina la dawa.

Nikaanza kucheka. Siyo kicheko cha adabu. Cha pua.

"Kuna nini cha kuchekesha?" Mwenyekiti akauliza.

"Shikamoo mama, samahani. Naomba usome kwa sauti jina la dawa hapo."

Akavaa miwani. "Rangi mbili. Kumi."

Mjumbe mmoja akainua kichwa.

Nikasema, "Hakuna dawa inayoitwa rangi mbili. Hilo ni jina la dirishani. Kapsuli za rangi mbili zipo dawa chungu nzima, na hazifanani kazi. Siku ya kwanza ya kozi, kabla hata hatujaonyeshwa choo kilipo, tulikatazwa kuandika rangi. Fundi gari haandiki 'kile cheusi cha mviringo'. Naomba mfungue kurasa za nyuma. Zote. Mkikuta 'rangi mbili' hata moja kwa mkono wangu, cheti changu hiki hapa, chukueni na fremu yake."

Nilikuwa nimekuja nacho na fremu, eti.

Akaanza kufunua. Hakuruka hata ukurasa. Feni inasitasita, yeye anafunua. Nilizeeka pale. Nilipata mvi mbili na nikazipoteza.

Akalifunga. Hakuniangalia mie, akamwangalia Shemeji, kwa upole kabisa.

"Dada, ile dawa uliyomhesabia yule baba, inaitwaje?"

"Ipi?" Shemeji akasema. "Rangi mbili?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye aliisikia ilivyotoka. Akainamisha kichwa, akashika ncha ya mtandio.

"Shemeji aliniambia niandike kama Tatu anavyoandika," akasema, na shemeji anayemsema ni Bosi. "Nilifanya mazoezi toka asubuhi. Jina la dawa hakuniambia. Mie nikaandika hiyo hiyo."

Bosi akasema, "Mheshimiwa, mie nilishasema dawa sizijui."

Mwenyekiti akamjibu bila kupandisha sauti: "Ndiyo ulivyosema. Usizijue, hakuna anayekulazimisha. Lakini Jumapili ulimtoa anayezijua, Jumatatu ukamfundisha asiyezijua kughushi. Hilo la pili ulilijua vizuri. Kaa."

Bosi akakaa. Kofia ikamdondoka, akaiacha chini.

Nikawa narudi benchi kama bingwa wa ndondi. Sikia sasa.

"Tatu, bado. Tuna hili." Akaweka koti mezani. Limekunjwa, mfuko juu, uzi wa bluu unang'aa kama umenunuliwa Kariakoo leo asubuhi. "Dk. Tatu. Wewe ni daktari?"

Shetani wangu wa utani akanisukuma. "Mheshimiwa, hiyo ni dakika tatu."

Mjumbe wa pembeni akakohoa kicheko. Mwenyekiti hakukohoa.

"Hizo dakika tatu ulizivaa muda gani?"

"Mwaka na zaidi."

"Wakikuita dokta, ulikuwa unawakataza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba nilipewa zawadi. Kwamba Mbagala ndivyo wanavyoita. Yote kweli. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mtu anaficha kichwa nyuma ya "mie sizijui", nikaona aibu kufuata mstari ule ule.

"Nilipenda," nikasema. "Na Jumapili nilijua duka linafunguliwa bila mie. Nilisema mara mbili, nikanyamaza, maana nilitaka kazi. Hayo mawili ni yangu, niandikieni. La Jumapili siyo langu, hata mnipe kalamu ya dhahabu sisaini."

Akaandika kwa muda mrefu.

Majibu yakaja kwa barua. Kibali cha duka la Bosi kimefutwa, na la kughushi daftari limepelekwa mbele zaidi, huko sitaki kusemea. Shemeji kapewa onyo na amerudi kwenye vitenge, tunasalimiana. Mie nimepewa onyo la maandishi, kwa koti na kwa kunyamaza. Cheti nimebaki nacho. Lile onyo sijaliona aibu. Nililiomba mwenyewe.

Kazi nilikosa, ndiyo. Na mtaani wapo walioninunia. "Umemuuza bosi wako." Mwingine akaniambia nimefunga duka lililokuwa linatusaidia usiku na mchana. Nikamjibu aende akamuulize Mama Zuhura alivyosaidiwa.

Kumbe mie mwenyewe ndiye niliyepaswa kwenda kumuuliza.

Nilikwenda nikiwa nimejaa upepo. Amepona, uso umerudi, kakaa na kikaango chake. Nikamsimulia kamati nzima, na mikono, na sauti za watu wote. Nilipofika kwenye "hakuna dawa inayoitwa rangi mbili" nikapiga meza, vitumbua vikaruka.

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akashusha mwiko.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo rangi mbili ndiyo amoksilini?"

"Ile aliyopewa mumeo, ndiyo."

"Ile uliyonikataza?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akageuza vitumbua viwili vitatu.

"Mwaka mzima nimeiogopa amoksilini, Dokta. Kila nikinunua dawa nauliza, hii siyo amoksilini? Hata ya minyoo nauliza. Siku ile namtuma Baba Zuhura nilimwambia, uangalie wasikupe amoksilini. Leta rangi mbili."

Wakuu, nikavuta kigoda nikakaa.

Yule mama alinisikiliza kuliko wateja wote niliowahi kupata. Alilishika lile neno mpaka matamshi. Nilichomnyima ni neno lake mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu "rangi mbili" lilikuwa neno la uswahilini, na mie nilikuwa Dk. Tatu.

Kwenye kamati nilishinda kwa kuwa siandikagi rangi mbili. Na yeye nusura afe kwa kuwa mie sisemagi rangi mbili.

Hilo halipo kwenye orodha ya makosa aliyosoma Mwenyekiti. Mie nimejiandikia.

Nikamwomba radhi. Akanipa vitumbua vinne, akakataa pesa. Akasema, "Niandikie majina yote mawili, kubwa kubwa, nibandike hapa kwenye ndoo ya unga." Nikaandika. Nikamwongezea kwa chini: kapsuli yoyote ya rangi mbili, uliza kwanza, sema una aleji.

Sasa hivi nipo duka lingine, huku huku Temeke. Jumapili halifunguliwi, niliweka hilo sharti kabla sijakaa. Mwenye duka akanitazama, akasema, "Wewe ndiye yule wa kamati?" Nikamwambia ndiye. Akanipa funguo.

Koti ni lile lile. Shomari alifumua uzi mwenyewe, kwa manung'uniko, anasema nimemharibia kazi ya mkono. Ila matundu ya sindano yamebaki. Ukisogea karibu, DK bado inasomeka. Mteja akiniita dokta namwambia, "Dokta hayupo, nipo Tatu. Unaumwa nini?"

Na kwako Bosi, najua uzi huu utakufikia, Mbagala nzima mna bando. Uliniuliza nani anafaidika na ukweli wangu. Pita jioni kwenye vitumbua, utamkuta.

Kwa watoa dawa wenzangu: mkiletewa karatasi ya kusaini zamu ambayo hamkukaa, ikataeni, hata ije na mkate. Cheti ni chako, hakuna bosi atakayekwenda kukusomea tena madawati ya darasa la pili.

Sasa kazi yenu. Nimenunua daftari jipya. Upande mmoja naandika jina la dawa kama lilivyo, upande wa pili naandika mtaani mnaiitaje, ili mteja akilisema neno lake mie nijue anasema nini, na nikimkataza nimkataze kwa neno hilo hilo.

Rangi mbili nimeshaiandika, imechukua ukurasa mzima.

Huko kwenu, Kawe, Kunduchi, Tandika, popote ulipo, kuna dawa gani mnaiita jina la kwenu? Shusha hapo chini. Matusi pia yanapokelewa, ila yaje na jina la dawa.